Asali: nani ale, nani angoje



Mvua za kwanza zinapokaribia, katika mwezi wa 10 na wa 11, asali mpya inafika mijini. Inauzwa sokoni na kando ya barabara, katika chupa zilizokuwa za pombe na katika bidoni za manjano. Wengi kwetu wanaiita buki. Kila mmoja anaijua, na kila mmoja ana neno la kusema juu yake.

Wa kwanza anasema: asali inatuliza kikohozi. Wa pili anasema: asali inaponya kidonda cha moto. Wa tatu anasema: asali inasafisha mapafu ya mtu wa mina. Wa nne anasema: asali inampa nguvu mtoto mchanga.

Katika maneno hayo manne, moja ni kweli, moja ni nusu ya kweli, na mawili si kweli hata kidogo. Hilo la mwisho linaweza kuleta kilio nyumbani. Ndiyo sababu leo ukurasa wetu wa usalama na afya unazungumza juu ya asali.

NYUKI WANAIFANYAJE?

Nyuki anafyonza maji matamu ya ua. Anayabeba katika mfuko mdogo ulio ndani ya tumbo lake, na kuyachanganya na mate yake. Akifika mzingani anampa mwenzake, na huyo anampa mwingine. Kisha wanayaweka katika vyumba vidogo vya nta, wanayapepea na mabawa usiku na mchana, mpaka maji mengi yanaondoka. Asali iliyoiva inabaki na maji karibu sehemu 18 tu katika 100. Hapo nyuki wanafunga chumba kwa kifuniko cha nta. Kazi imekwisha.

Mfanyakazi wa mina ataelewa mambo ya mzinga upesi, kwa sababu kule pia kila mmoja ana kazi yake na wakati wake. Nyuki wa kazi akiwa kijana anafanya usafi. Halafu analisha watoto, anajenga nta, anapepea hewa, analinda mlango. Mwishoni ndipo anatoka kwenda kwenye maua. Majira ya kazi nyingi anaishi karibu majuma 6 tu. Katika maisha yake yote hafikishi hata kijiko kimoja kidogo cha asali. Basi ukishika chupa moja mkononi, umeshika kazi ya maelfu.

NDANI YA ASALI MNA NINI?

Asali ni sukari, karibu sehemu 80 katika 100. Ni sukari ambayo mwili unaitumia upesi, na kwa hiyo mtu aliyechoka anasikia nguvu akiila. Kijiko kikubwa kimoja kinatoa karibu kalori 60. Lakini vitamini zake ni chache sana, na nyama ya kujenga mwili haimo. Asali haiwezi kuchukua nafasi ya samaki, maharage, karanga wala sombe. Ni rafiki mwema wa chakula, si chakula kizima.

Mbona haiozi? Sababu ni tatu. Maji yake ni machache mno, mikrobe haziwezi kuzaana ndani yake. Tena ni kali kidogo kama ndimu, ijapokuwa utamu unaficha ukali huo. Na tatu, nyuki wametia ndani yake kitu ambacho, asali ikikutana na maji kidogo, kinafanya maji ya oksijeni, namna ileile ambayo waganga wanasafishia vidonda. Watu wa Misri ya zamani waliandika asali katika dawa zao tangu miaka zaidi ya 3500 iliyopita. Hawakujua sababu, lakini macho yao yaliona kazi yake.

Shikeni neno hili: mikrobe haziwezi KUZAANA ndani ya asali. Hatukusema kwamba hazimo. Tofauti hiyo ndiyo inayotupeleka kwa mtoto mchanga.

MTOTO WA CHINI YA MWAKA MMOJA: HAPANA

Mtoto amezaliwa. Jamaa inafurahi. Nkambo anafika kutoka kijijini, na mzigoni ana chupa ya asali safi, aliyoikamua yeye mwenyewe. Anachovya kidole na kutaka kumlambisha mjukuu wake, apate nguvu na maneno matamu. Anafanya hivyo kwa upendo. Walakini kidole kile kinaweza kubeba kifo.

Katika udongo na mavumbi mna mbegu za mikrobe moja inayoleta ugonjwa uitwao botulismi. Nyuki anatua popote, na mbegu hizo zinaweza kuingia katika asali, hata iliyo safi, hata ya bei kubwa, hata ya dukani. Ndani ya asali zinalala tu. Mtu mkubwa akizimeza hazimfanyi kitu: matumbo yake yamekwisha kukomaa, yanazishinda. Matumbo ya mtoto mchanga hayajakomaa. Humo mbegu zinaamka, zinazaana, na kutoa sumu inayolegeza nyama zote za mwili, pamoja na zile za kuvuta pumzi.

Waganga waliutambua ugonjwa huu wa watoto wachanga mwaka 1976, huko Marekani, katika jimbo la California. Baada ya miaka michache ikaonekana kwamba baadhi ya watoto waliougua walikuwa wamepewa asali. Ugonjwa wenyewe si wa kila siku. Lakini ukifika ni mzito, na mtoto anaweza kuhitaji mashini ya kumsaidia kupumua. Kwa nini kumtia mtoto katika hatari hiyo kwa kitu ambacho hakihitaji?

Dalili za kuangalia ni hizi:
— mtoto hapati choo kwa siku nyingi kuliko desturi yake;
— ananyonya kwa shida, maziwa yanamtoka mdomoni;
— sauti ya kilio chake imekuwa ndogo;
— macho yanafumba, uso hauchezi;
— shingo na mikono vimelegea kama kitambaa.

Mama ukiona hayo, usingoje asubuhi. Nenda lupitalo mara moja, na kama mtoto amekula asali, mwambie munganga bila haya. Neno hilo moja litamsaidia kujua ugonjwa upesi.

Kuna akina mama wanaosema: «Mimi ninaichemsha kwanza.» Kuchemsha katika sufuria hakuziui mbegu hizo. Zinavumilia maji yanayochemka. Wengine wanatia tone moja tu katika biberoni, ao wanapaka ziwa la plastiki ili mtoto anyamaze. Ni hatari ileile. Sheria ni moja: kabla ya kutimiza miezi 12, asali hata tone, hata ndani ya uji, hata ndani ya dawa ya kienyeji.

Chakula cha mtoto ni maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6. Kisha anaongezewa uji na vyakula vingine, huku akiendelea kunyonya. Na mama anayenyonyesha je? Yeye anaweza kula asali bila hofu. Mbegu hizo hazipiti katika maziwa yake.

Namna gani kumkatalia nkambo bila kumwumiza moyo? Pokea chupa kwa mikono miwili. Mwambie: «Aksanti sana, Nkambo. Asali hii tunamwekea mjukuu wako. Siku atakapotimiza mwaka mmoja, ni wewe utakayemlambisha.» Asali ikifungwa vizuri inangoja mwaka bila kuharibika. Nkambo hatapoteza heshima yake, na mtoto hatapoteza maisha yake.

KIKOHOZI: NDIYO, LAKINI HESABU SIKU

Hapa wazee walisema kweli. Shirika la Afya la Ulimwengu, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya dawa za kikohozi cha watoto, linaitaja asali kati ya vitu vya kutuliza koo. Mtoto wa mwaka 1 mpaka 5 anatosheka na nusu ya kijiko kidogo wakati wa kulala. Aliye mkubwa kuliko hapo, kijiko kidogo kimoja. Inatuliza koo na kusaidia usingizi. Kwa mafua ya kawaida ni bora kuliko sirupu nyingi za barabarani ambazo hatujui zinatoka wapi.

Lakini asali inatuliza kikohozi, haiponyi mapafu. Hesabu pumzi za mtoto kwa dakika moja nzima, akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 mpaka 11 anayepumua mara 50 ao zaidi, mtoto wa mwaka 1 mpaka 5 anayepumua mara 40 ao zaidi: huyo apelekwe dispanseri leo. Vilevile yule ambaye kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, asiyeweza kunywa, ao aliyepata kifafa. Huyo si mtu wa asali.

Na wewe baba, unayetoboa jiwe? Katika makambi tunasikia mara nyingi kwamba kijiko cha asali, ao kikombe cha maziwa, kinasafisha mavumbi ya mina. Si kweli. Chakula kinapita njia ya tumbo. Mavumbi yamepita njia ya pumzi. Mavumbi membamba ya jiwe, yale ambayo jicho haliyaoni, yanaingia mpaka chini ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikozi. Hakuna chakula wala kinywaji kinachoweza kuyatoa mavumbi hayo. Kinachokulinda ni maji juu ya chombo cha kutobolea, hewa inayopita vizuri, maski safi iliyokaa sawasawa usoni, na kupimwa mapafu kwa radio wakati unapoitwa.

Tena mtu mwenye silikozi anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine. Kikohozi kikifika majuma 2, acha chupa ya asali mezani, nenda ukapimwe makohozi. Wapo wanaotuliza kikohozi mwezi na miezi kwa vitu vitamu, na siku wanapofika kwa munganga, wamekwisha kuwapa ugonjwa bibi na watoto.

MOTO NA ASIDI: MAJI KWANZA

Neno la kidonda ni nusu ya kweli. Katika lupitalo za nchi mbalimbali asali inatumiwa juu ya vidonda na majeraha madogo ya moto, na kazi yake ni nzuri. Lakini asali hiyo si ya chupa ya barabarani. Imechujwa, na mikrobe zake zimeuawa kwa mionzi, kwa sababu moto mkali ungeharibu nguvu yake. Anayeiweka ni muuguzi, juu ya kidonda alichokisafisha na kukipima.

Nyumbani, maji ya moto yakimwagika juu ya mtoto, ao kazini, chuma chenye moto kikikugusa, fanya hivi:
1. Mimina maji baridi na safi, yanayopita, juu ya mahali palipoungua kwa dakika 20.
2. Ondoa pete, saa na nguo, isipokuwa nguo iliyoshikamana na ngozi.
3. Funika kwa kitambaa safi, kikavu.
4. Nenda dispanseri.

Usipake asali, wala mafuta, wala yai, wala dawa ya meno. Vitu hivyo vinazuia muuguzi kuona kidonda, na asali isiyosafishwa inaweza kuingiza uchafu katika ngozi iliyo wazi.

Wafanyakazi wa elektrolizi wanajua zaidi: asidi inataka maji mengi, mara moja, na nguo zitoke mwilini papo hapo. Kila dakika inayopotea kwa kutafuta dawa ya kienyeji, asidi inaendelea kula nyama.

WENYE UGONJWA WA SUKARI

Wengine wanaambiwa: «Acha sukari, kula asali, hiyo ni ya asili.» Ni ya asili, kweli, lakini mwili unaihesabu kama sukari. Mtu mwenye ugonjwa wa sukari aiweke katika hesabu yake, kama munganga alivyomwonyesha, asiitumie kama dawa. Hata mzima asisahau meno yake. Waswahili wanasema: chovya chovya humaliza buyu la asali. Hapa kwetu tunaongeza: na meno pia.

KUNUNUA NA KULINDA

Watu wana namna nyingi za kujaribu asali: tone juu ya kucha, kijiti cha kiberiti, karatasi, maji, chungu wadogo. Hakuna hata moja inayoaminika. Asali nzito inaweza kuwa imetiwa sukari, na asali nyepesi inaweza kuwa ya kweli ila ilikamuliwa kabla ya kuiva. Asali ikiganda na kuwa kama chumvi, usiseme imetiwa sukari: asali nyingi za kweli zinaganda. Simamisha chupa katika maji ya vuguvugu, itarudi kuwa laini. Ukiona povu na harufu ya pombe, imechacha. Maji yake yalikuwa mengi. Njia bora ni kununua kwa mtu unayemjua, ao kununua masega yenyewe na kukamua nyumbani.

Juu ya vyombo tunasema kwa nguvu. Bidoni iliyobeba dawa za kiwanda, asidi ao dawa ya wadudu haiwezi kuoshwa ikawa ya chakula. Usiilete nyumbani, usimwuzie mkamua asali. Jambo lingine linaloweza kuwashangaza watu wa shaba: asali haipendi shaba. Ukali wake unakula shaba, chuma na bati lenye zinki, na madini hayo yanaingia katika chakula. Tumia chupa ya kioo ao chombo cha plastiki ya chakula, kikavu, chenye kifuniko.

PORINI: USIANGUKE, USICHOME, USIKATE

Siku ya kupumzika wengine wanaingia porini kutafuta asali. Tunajua. Basi sikieni.

Wengi wanapanda mti mrefu usiku, kinga cha moto mkononi. Mguu ukiteleza, mtu anaanguka na kuvunjika mgongo, na kesho yake hakuna wa kulisha watoto. Kinga kikianguka katika majani makavu, pori lote linawaka. Na wengine wanaukata mti mzima kwa ndoo moja ya asali.

Pori letu ni miombo. Maua ya muputu, ya mutondo na ya ndugu zao ndiyo chakula cha nyuki. Miti hiyohiyo inakatwa kila siku ili kuchoma makala ya miji yetu. Mzinga wa ganda nao, ukibanduliwa kuzunguka shina lote, unaua mti. Mti ukifa, hakuna ua. Pasipo ua, hakuna asali.

Kuna njia nyingine. Mzinga wa mbao wenye vijiti juu, uliotengenezwa Kenya katika miaka ya 1970, unaweza kuundwa na fundi yeyote wa mbao. Kila kijiti kina upana wa milimeta 32, kipimo kinachowafaa nyuki wa Afrika. Kila sega linaning'inia kwenye kijiti chake. Unaufunga mzinga kwa waya, kimo cha kiuno, huna haja ya kupanda. Unatumia moshi kidogo wa majani, hutumii mwali wa moto. Unachukua masega yaliyofunikwa na nta tu, na unawaachia nyuki sehemu yao na watoto wao. Uweke mbali na nyumba, njia na shule, mita 300 ao zaidi, na mbali na moshi wa viwanda. Vaa nguo nene ya rangi nyeupe, wavu usoni, glavu na buti, na usiende peke yako.

NYUKI WAKIKASIRIKA

Nyuki anapouma anaacha mwiba, na mwiba unatoa harufu kama ya ndizi mbivu inayowaita wenzake. Kwa hiyo usisimame kupigana nao. Funika uso, kimbia moja kwa moja mpaka ndani ya nyumba ao ya motokari, ufunge. Usiruke katika maji: watakungoja juu. Kisha ondoa miiba upesi, kwa ukucha ao kwa ncha ya kadi. Kuchelewa ni kubaya kuliko namna ya kuitoa. Osha kwa sabuni, weka kitambaa cha maji baridi.

Nenda lupitalo mbio kama umeumwa mara nyingi, hasa mtoto. Kama umeumwa mdomoni ao kooni. Ao kama mwili mzima unatoka mapele, midomo inavimba, pumzi inakuwa fupi, kichwa kinazunguka. Kwa watu wengine mwiba mmoja unatosha kuua ndani ya dakika chache.

Kundi la nyuki likitua kazini, katika sanduku la nyaya ao chini ya mashini, usilipige mawe, usilimwagie petroli. Ondoeni watu, mwambieni kapita, naye awaite wa usalama.

TUKUMBUKE

— Chini ya miezi 12: asali hata tone.
— Kikohozi kidogo: ndiyo. Kikohozi cha majuma 2, ao pumzi za haraka: munganga.
— Mavumbi ya mina: maji, hewa na maski.
— Moto na asidi: maji mengi, kisha dispanseri.
— Bidoni ya kiwanda: haiingii jikoni.

Mama, kata orodha hii na kuibandika karibu na kabati la chakula. Na kama nyumba ya jirani ina mtoto mchanga, mpelekee nao wasome kabla nkambo hajafika na chupa yake.